Jino Zima Linaumaje?

Lifti ya kituo kikuu cha treni ilikwama asubuhi watu wakiwa wengi kuliko siku zote. Waliofungiwa ndani walipiga milango kwa viganja, waliobaki nje wakaburuta masanduku yao hadi kwenye ngazi huku wakilaani, na juu ya vurugu hiyo yote sauti ya mwanamke ilitoka kwenye vipaza sauti, laini, bila haraka, ikiwaomba abiria wawe na subira kwa kuwa fundi yuko njiani.

Fundi mwenyewe alikuwa ameshafika kitambo. Alikuwa amepiga magoti mbele ya milango hiyo hiyo, jasho likimchuruzika, na kila sauti ile iliposema yuko njiani, abiria walimtazama kama mtu anayejifanya fundi. Alipowatoa watu na lifti ikatembea, hakwenda kunywa maji. Alipanda ghorofani akatafute mwenye sauti amwambie la moyoni.

Alimkuta kwenye chumba kidogo cha vioo kinachotazama reli. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye mikono mifupi, nywele amezifunga juu, midomo ameipaka rangi nyekundu iliyokolea. Kituoni walimwita Kinanda, na ukimsikia akiongea huulizi kwa nini. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba maneno yale kaandikiwa, lakini kama anataka yabadilishwe, aseme yeye.

"Waambie fundi amefika, kamaliza kazi, na anaomba namba yako ya simu," alisema fundi.

Kinanda akawasha kipaza sauti. Fundi roho ikamruka. "Abiria wapendwa, lifti sasa inafanya kazi," alisema, akakizima. "Hayo mengine hayawahusu abiria." Akacheka, na namba akampa.

Wakapendana. Fundi alikuwa mtu wa kushinda ndani ya mashimo ya majengo marefu, kwa hiyo mapenzi yao mengi yalipita kwenye simu. Kinanda alimpigia wakati wa mapumziko akilalamika kwamba hasikiki, na fundi akimwambia yuko shimoni alimjibu, "Toka basi, mpenzi, lisije likakuzoea." Jioni walikutana, wakatembea barabara zenye taa, wakala wakiwa wamesimama, wakagombea nani amsindikize nani. Mwaka ulipokaribia kwisha walikuwa wakiongea habari za nyumba na vyombo kama watu waliokwisha kuoana.

Ila fundi alikuwa na ugonjwa mmoja: alishuku. Zamani kidogo aliwahi kuwa na mchumba aliyekwenda kila wiki kumwuguza shangazi. Fundi alimbebea shangazi huyo matunda, akamnunulia blanketi, mpaka siku alipomfuma, akakuta shangazi ana ndevu. Tangu hapo hakuna maelezo aliyoyapokea bila kuyageuza kutazama upande wa nyuma.

Basi asubuhi moja Kinanda akaamka mdomo wa juu umemvimba. Alikwenda kwa daktari wa meno wa karibu na kwake, akaambiwa mzizi wa jino umeoza, ukasafishwa, ukazibwa. Wakashukuru. Haukupita muda uvimbe ukarudi, na maumivu yakampanda mpaka chini ya jicho. Safari hii akasema amepata daktari bingwa wa mizizi ya meno, kule mjini katikati, kwenye jengo la ghorofa nyingi.

Kwa huyo bingwa ndipo mambo yalipoanzia.

Alikwenda mara ya kwanza, fundi akampa pole. Akaenda tena. Akaenda tena. Kila baada ya wiki kadhaa Kinanda aliomba ruhusa kazini, akavaa vizuri, akapaka ile rangi yake nyekundu, akaenda. Alirudi rangi yote imefutika, midomo imevimba kidogo. Ukimsemesha ulimi unamteleza kama mtu aliyepiga glasi mbili tatu. Ukimbusu anakwepa. Na tena ananukia klorini. Fundi alikuwa ametengeneza lifti za hoteli nyingi, na harufu ya bwawa la kuogelea aliijua hata usingizini.

"Umeoga wapi?" alimwuliza siku moja.

"Sijaoga popote. Ni dawa ya kusafishia jino."

"Jino lipi hasa, mama?"

Kinanda aliketi ukingoni mwa kitanda, akafungua mdomo, akamwonyesha kwa kidole: jino la juu, la pili kutoka katikati. Fundi akawasha tochi ya simu, akainama, akachungulia kama anayechungulia mtambo. Jino lilikuwa jeupe. Halikuwa na tundu, halikuwa na doa. Labda lilikuwa jembamba kuliko mwenzake wa upande wa pili, limechongoka kidogo, lakini nani hana jino la namna hiyo.

"Mbona zima?"

"Linaonekana zima," alisema Kinanda, akafunga mdomo.

Fundi alitaka jambo liishie hapo, lakini alikuwa na dada. Dada yake alikuwa na saluni, na saluni ya dada ilikuwa mahali ambapo habari za mji mzima huoshwa, husukwa na kukaushwa. Fundi alimpitia kumsalimia, akajikuta ameyamwaga yote huku dada akimsuka mteja bila kuinua macho.

"Jino zima linaumaje?" dada aliuliza. "Langu mimi lilikuwa bovu mpaka linanuka. Nikaenda, likasafishwa mzizi, nikarudi mara moja likazibwa, nikasahau. Huyo wa kwako anatibiwa jino au anatibiwa kinywa cha mamba?"

Fundi akamtetea kidogo, akasema ni daktari bingwa. Dada akauliza bingwa gani. Alipotajiwa jengo, mikono yake ikasimama kwenye nywele za watu.

"Huyo namfahamu. Mdogo wangu, kaa chini. Huyo daktari alikuwa mchumba wa huyo Kinanda wako. Walibakiza kidogo tu waoane."

Fundi hakukaa chini. Alitoka pale bila kuaga. Jioni alimwuliza Kinanda, kwa sauti aliyoilainisha kwa nguvu, huyo daktari ni mtu wa namna gani, mzee, kijana? Kinanda alikuwa akipasi gauni. Aliendelea kupasi. "Wa kawaida tu," alisema.

Wa kawaida tu. Fundi alilala na maneno hayo, akaamka nayo, akashuka nayo mashimoni. Alianza kuhesabu vitu visivyohesabika: simu inayokatwa haraka, kicheko kinachochelewa, jina "Daktari" linalowaka kwenye kioo cha simu wakati wa chakula. Lisemwalo lipo, alijiambia, na kama halipo linakuja. Lakini hakumwuliza. Mwenye wivu hapendi kuuliza, maana akijibiwa vizuri atakosa cha kushuku.

Ikawa siku moja kampuni ikamtuma kukagua lifti ya jengo lile lile. Hakuomba, alitumwa, ingawa ni kweli pia kwamba hakukataa. Alikuwa ghorofa ya juu, amefungua kibati cha ukutani, kichwa kimezama kwenye nyaya, aliposikia mlango wa kliniki ukifunguliwa na sauti anayoijua ikitoka. Hakugeuka. Alijibana nyuma ya kibati.

Kinanda alikuwa amesimama kwenye korido, midomo mitupu bila rangi, machozi yanamlenga. Mbele yake mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe amemshika kidevu, anamgeuza uso taratibu kuelekea dirishani kwenye mwanga.

"Umemwambia?" mwanamume aliuliza.

"Sijamwambia. Nikimwambia sasa ataniacha."

"Basi subiri mwezi ujao. Hapo tutajua kama tunalibakiza au tunalitoa."

Tunalitoa. Fundi alilichukua neno hilo akalipima. Kuna mangapi ya kutolewa? Penzi halitolewi. Neno hulitoi kwa mwezi mzima. Akabaki na moja tu, tumbo la mimba, na damu ikampanda kichwani. Alikirudisha kile kibati kwa kishindo, akatokeza na bisibisi mkononi.

"Mnalitoa nini?" aliuliza.

Kinanda alishtuka mpaka akaegemea ukuta. Daktari alimtazama fundi, akaitazama bisibisi, akamwuliza yeye ni nani. Fundi akasema yeye ndiye anayefichwa. Akasema mengi, mengine hayafai kurudiwa. Akataja hoteli, akataja bwawa, akataja uchumba wao wa zamani. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri wakaacha kushika mashavu yao wakasikiliza. Daktari akangoja amalize, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hazungumzi habari za mgonjwa wake na mtu yeyote, na kama kuna swali, mwenye mdomo ndiye wa kuulizwa.

"Mwonyeshe," alisema Kinanda. Ulimi ulikuwa mzito kwa ganzi, na sauti ile ambayo mji mzima uliijua ilitoka imepinda. "Nakuruhusu. Mwonyeshe picha zote."

Wakaingia. Chumbani mlikuwa na kiti cha kulalia, darubini kubwa inayoning'inia kwenye mkono wa chuma, na harufu. Ile ile. Ilitoka kwenye bomba la sindano lililokuwa juu ya sinia, karibu na kipande cha mpira wa buluu kilichotobolewa katikati. Daktari alieleza kwamba mpira huo huvutwa juu ya mdomo mzima, likabaki jino moja tu nje, mate yasiingie na dawa isimezwe. Fundi akaukumbuka ule uvimbe wa midomo, na rangi iliyofutika.

Kisha daktari akawasha kioo. Jino lilitokea kubwa kama nguzo, na ndani yake, pale ambapo mtu angetarajia njia moja nyembamba iliyonyooka, kulikuwa na umbo la jino jingine dogo, limejificha tumboni mwa lile la kwanza.

"Alizaliwa nalo hivi," daktari alisema. "Au niseme lilijengeka hivi kwenye taya, alipokuwa mtoto mchanga. Lilikuwa likiota, likajikunja likaingia ndani yake lenyewe. Ni kama soksi uliyoivua vibaya, ncha ikabaki imeingia ndani. Kwa nje huoni kitu. Ila nyuma yake kuna kishimo, hata kwa darubini nilikitafuta. Vijidudu vimepita hapo, neva ikafa, usaha ukala mfupa."

"Na yule daktari wa kwanza?"

"Alisafisha njia aliyoiona. Humu kuna njia zaidi ya moja, na nyingine imejipinda. Nasafisha, naweka dawa, nafunga, nasubiri mfupa urudi. Halina haraka. Na huenda lisikubali. Likikataa, litang'olewa."

Fundi alikitazama kile kivuli cheusi kilichozunguka ncha ya mzizi. Aibu ilimwingia taratibu kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Alimgeukia Kinanda kumwambia samahani, lakini Kinanda alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Waliachana chini ya jengo, kwenye kelele za magari. Fundi aliomba radhi kwa kila namna aliyoijua. Kinanda alimsikiliza, leso mdomoni.

"Yeye humjui, lakini umemwamini kwa sababu kakuonyesha picha," alisema. "Mimi nilikufungulia mdomo wangu ukanimulika na tochi. Hukuniamini."

"Na wewe kwa nini hukuniambia kwamba ni yeye?"

"Kwa sababu nakujua."

Akasimamisha teksi. Kabla ya kuingia aligeuka. Alisema kila usiku wa miezi ile alilala akifikiria kutangaza treni akiwa na pengo mbele, maneno yote yenye herufi s yakipiga mluzi, watu wakicheka kituo kizima; na kwamba alimficha kwa kuwa fundi alipenda kumsifia meno yale mbele za watu. Jino la pembe si dawa ya pengo. Alitaka kwanza ajue kama litabaki. Kisha akafunga mlango wa gari.

Hakupokea simu siku hiyo, wala zilizofuata. Fundi alikwenda saluni kwa dada yake akamweleza yote, akidhani atapata wa kumlaumu. Dada aliketi kwenye kiti cha wateja. Akasema habari ya uchumba ilikuwa kweli. Akasema pia aliipata kwa mteja, na aliyoyaongeza juu yake yalikuwa ya kwake mwenyewe. "Nilikuwa nakulinda," alisema. "Nadhani nilikulinda vibaya."

Mwezi uliofuata fundi alipita kituoni kwa kazi nyingine, na kwenye vipaza sauti akasikia mtu mwingine. Mwanamume, anakohoa, anakosea namba za majukwaa. Fundi alisimama katikati ya watu akisukumwa huku na huku. Aliuliza, akaambiwa Kinanda yuko likizo ya ugonjwa: mfupa ulikataa kupona, akapasuliwa fizi, ncha ya mzizi ikasafishwa kutokea juu. Kuhusu kama jino lilibaki, aliyemweleza hakujua.

Kwa mara ya kwanza ile shuku yake ilinyamaza na nafasi yake ikashikwa na hofu ya kawaida, hofu ya mtu kwa mtu wake. Alitoka nje akamtumia ujumbe wa sauti. Alisema hamwulizi chochote, hataki kujibiwa. Anampa pole ya maumivu tu. Akiwa na pengo au bila pengo, yeye yuko pale pale alipo. Na kama ataamua fundi hafai, hilo pia ana haki nalo.

Miezi ikapita. Alikuwa amekaa kwenye sakafu ya jengo jipya, anakula mkate na vumbi, simu ikalia.

"Unafanya nini?" Kinanda aliuliza. Sauti ilikuwa imenyooka, ila chini kidogo, kama ya mtu anayejizoeza.

"Nakula."

"Peke yako?"

"Na wenzangu. Wananuka grisi, usiwe na wasiwasi."

Akasikia pumzi fupi, ambayo huenda ilikuwa kicheko. Kinanda akamwambia kwamba Alhamisi anakwenda kupiga picha ya mwisho. Atakuwa na daktari chumbani, peke yao, kama siku zote. Akamwambia pia lile ambalo hakuwahi kumwambia, kwamba uchumba ule ulivunjika kwa sababu daktari alikwenda kusoma mbali akarudi na mke, na kwamba yeye alikwenda kutibiwa kwake kwa shingo upande, kwa kuwa mji mzima hakuna mwingine mwenye darubini ile. "Ukitaka kuja, njoo," alimalizia. "Usipotaka, usije. Sikupangii."

Fundi alitaka kwenda. Mwili wote ulitaka. Hata gari la kampuni lilikuwa linapita upande huo, kwa kuwa lifti ya jengo la daktari ilihitaji ukaguzi Alhamisi hiyo hiyo, na jina lake ndilo lililokuwa limepangwa.

"Nenda, mpenzi," alisema. "Mimi nitakuwa kazini. Ukimaliza utaniambia utakachotaka kuniambia."

Alhamisi alimwomba mwenzake wabadilishane zamu, yule aende kwenye lile jengo, yeye akashuka kwenye shimo la jengo jipya ambako simu haishiki mtandao. Ilikuwa siku mbaya. Mara mbili aliangusha spana. Mara nyingi alimwona kwa macho ya mawazo yule mwanamume mrefu akimshika Kinanda kidevu, na kila mara alijilazimisha kuona pia kile kivuli cheusi kwenye picha, na yule mwanamke anayelala chini ya mpira wa buluu akiogopa peke yake. Shuku haikumtoka. Aligundua tu kwamba mtu anaweza kufanya kazi nayo ikiwa kando, kama kelele za mtaa.

Alipopanda juu mchana, Kinanda alikuwa amesimama getini, kofia ngumu ya wageni kichwani imemkaa upande. Alikuwa amevaa sketi ya maua na blauzi nyeupe, na midomo ilikuwa nyekundu. Mafundi wengine walijifanya wana kazi.

"Mfupa umerudi," alisema. "Jino linabaki."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumshika akaiona mikono yake ilivyo myeusi kwa mafuta, akaiacha ining'inie.

"Hutaki kuona?" Kinanda aliuliza, akiinua uso.

"Umesema linabaki. Basi linabaki."

Kinanda alimtazama kwa muda, akimchunguza, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa anashuku. Alimwuliza kama ameshapona ugonjwa wake. Fundi angeweza kudanganya. Ilikuwa siku nzuri ya kudanganya. Akasema hapana. Akasema leo shimoni nusura ajipige spana ya mguu kwa mawazo, na kwamba huenda kesho yatarudi, na keshokutwa.

"Yakirudi niulize mimi," alisema Kinanda. "Usimwulize dada yako."

"Nitakuuliza."

"Na mimi nikiulizwa nitajibu lote. Sitasema wa kawaida tu." Akaishika mikono yake yote miwili, grisi na vyote, blauzi nyeupe ikaharibika, wala hakuitazama. "Sasa niulize. Kuna jambo umekuwa ukitaka kuniuliza kabla hata mdomo haujavimba. Niulize hapa hapa."

Fundi akamwuliza kama atakubali waoane. Wenzake wakasimamisha kazi ya kujifanya wana kazi. Kinanda akajibu kwa sauti aliyoisikia fundi peke yake.